Mizizi ya Kinuni

Bi Tatu binti Mabruki alikuwa na dharau kama wengine wanavyokuwa na kikohozi cha siku nyingi: haimtoki, na mwenyewe alishaacha kuisikia. Alizaliwa Gongoni, mjini Tabora, katika nyumba aliyoijenga babu yake baada ya kuchoka kubeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na kwa maoni yake jambo hilo lilitosha kumweka juu ya kila mtu ambaye babu yake alibaki kijijini akichunga mbuzi. Wakulima aliwaita watu wa udongo. Makarani aliwaita watu wa wino. Watu wa misheni, Wakatoliki kwa Wamoraviani, aliwaita watu wa kengele, na hakuona haja ya kuwatenganisha.

Basi fikiria hali yake mwaka ule wa Operesheni Vijiji, lori lilipomshusha Kinuni na mkeka wake, vyungu vyake na matita yake ya dawa, katikati ya watu wa udongo hao hao. Kibanda chake cha dawa pale sokoni Tabora kilikuwa kimefungwa na kijana mmoja wa Chama, aliyemwambia kwamba kuuza mizizi si kazi bali ni uzururaji, na kwamba taifa linahitaji jembe. Bi Tatu alimwangalia juu chini, akamuuliza kama mama yake, siku ya kumzaa yeye, alichemshiwa jembe. Kijana alikosa jibu, lakini lori halikukosa nafasi.

Angeweza kujificha kwa ndugu zake wa Isevya mpaka upepo upite. Wengi walifanya hivyo. Alipanda lori kwa ajili ya Maua, binti yake wa pekee, mtu mmoja duniani ambaye hakuwahi kumtungia jina la kejeli. Maua aliolewa na Shaban, seremala wa Puge, kijana mpole ambaye mama mkwe wake alimwona kama ubao wenye miguu, na nyumba yao yote ilikuwa imehamishiwa Kinuni. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Maua, na ile ya pili nusura iondoke naye. Sasa alikuwa anaitafuta ya tatu.

Bi Tatu alijua ugonjwa: ni chango la uzazi. Alijua na dawa yake, kimti kifupi cha misitu ya Ipole alichofundishwa na marehemu mama yake, kinachoshika mimba isichomoke. Waganga wa kwao hawataji jina la mti, wala hawasemi ni sehemu gani yake inayotibu. Mgonjwa hupewa maji au unga, anakunywa, anashukuru, basi. Wanaamini mti ukishatajwa nguvu zake hupungua. Kwa hiyo tuuite tu mti wa chango, kama walivyouita watu wa Kinuni. Mbegu zake Bi Tatu alikuja nazo zimefungwa kwenye pindo la khanga, maana porini kwa Kinuni haukuota, na kibali cha kutoka kijijini kwenda Ipole kilitolewa na mtu ambaye Bi Tatu asingemwomba hata maji ya kunywa.

Mtu huyo alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Damas. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndefu. Wilaya ilipoagiza kila kijiji kiwe na mradi wa kujitegemea, vijiji vingine vilichagua tumbaku, alizeti na mizinga ya nyuki. Damas akaona hivyo vyote ni vya watu wasiofikiri. Zahanati haina dawa, akasema, na dawa zinatoka kwenye mimea, basi Kinuni kitalima dawa, na magazeti yatakuja yenyewe. Akachagua na mahali pa kulima, na hapo ndipo ujinga wake ulipotia fora.

Zamani, kabla ya Uhuru, Mgiriki mmoja alichimba dhahabu pale, akasimamisha kinu cha chuma cha kusagia mawe, ndiyo maana pakaitwa Kinuni. Dhahabu ilipokwisha aliondoka, akaacha bonde zima limefunikwa na unga wa mawe wa kijivu. Halikuota kitu. Damas alilipenda kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mti wa kukata, hakuna kisiki cha kung'oa, na kisima kiko karibu.

"Hata mbuzi hapakanyagi pale," Bi Tatu alimwambia mkutanoni.

"Mbuzi hana siasa, Bibi," Damas akajibu, na watu wake wakapiga makofi.

Wakapanda. Bi Tatu alitoa nusu ya mbegu zake, kwa kuwa alihitaji shamba lenye maji na lenye walinzi, hata kama ni la mpumbavu. Mchaichai ukakauka. Kivumbasi kikatoa majani ya manjano, kikalala. Mti wa chango uliota urefu wa vidole viwili, ukasimama hapo, kisha ukafa. Bi Tatu aliwatazama wakulima hao wa taifa wakimwagilia vijiti vikavu, akafyonya kwa nguvu hadi mlinzi akageuka.

Ndipo wilaya ikamleta Eustadia.

Eustadia alikuwa bibi shamba, msichana wa Kikatoliki wa upande wa Ndala, mrefu, amevaa viatu vya kiume na miwani, ametoka chuo cha kilimo na hajasahau hata siku moja kuwa ametoka huko. Ukweli ni kwamba yeye naye alikuwa na dharau yake, ila ya kwake ilikuwa mpya na imepigwa pasi. Alichota udongo wa bonde, akaupeleka kupimwa, akarudi akaitisha mkutano.

"Udongo huu una madini ya risasi," alisema. "Mgiriki alisaga mawe yenye risasi na dhahabu pamoja, akachukua dhahabu, akawaachia risasi. Ni sumu. Inafaa shamba lihamishwe."

"Risasi bila bunduki," Bi Tatu alimnong'oneza jirani yake. "Haya, tumeyasikia."

Damas naye hakutaka kusikia habari ya kuhama. Kibao cha shamba kilikwisha andikwa kwa rangi, na mkuu wa wilaya alikwisha pigwa picha mbele yake. Alisema mapinduzi hayarudi nyuma. Eustadia alimtazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia kanisani, akasema kama ni hivyo basi udongo wenyewe utarekebishwa, na kila mtu afanye atakavyoambiwa bila maswali.

Hapo kijiji kikaona mambo. Wanaume walibeba samadi kutoka kwenye mazizi yote. Watoto walizoa vumbi la makaa kwenye matanuri ya zamani. Wanawake walitumwa mpaka machinjioni Puge kukusanya mifupa, wakairundika, wakaichoma mpaka ikawa myeupe, wakaitwanga kwenye vinu vyao vya nyumbani, na kwa siku nyingi ugali wa Kinuni ulinuka mfupa. Vyote hivyo vilichanganywa na majivu, vikalimiwa ndani ya ule unga wa kijivu, vikamwagiwa maji, vikaachwa vikae.

Bi Tatu hakutwanga. Alisimama kando, mikono kiunoni.

"Binti, mifupa hiyo ni ya ng'ombe watupu? Au na nguruwe wa Wenceslaus, mchinjaji wa Puge, wamo?"

"Shikamoo, Bibi," alisema Eustadia, kwa sauti ya kumkumbusha mtu kuwa hajasalimia.

"Marahaba. Nimeuliza nguruwe."

"Mfupa ukishaungua hauna dini. Ni chokaa na fosfeti. Ndiyo inayoikamata risasi isitembee."

"Kwetu udongo hatuupikii," alisema Bi Tatu. "Mti wa dawa ukilishwa mavi na supu ya mifupa unanenepa tu kama bwana harusi. Nguvu hauna."

"Ndiyo maana kwenu dawa hazijapimwa mpaka leo," alisema Eustadia, akamgeuzia kisogo. "Wewe tuletee mbegu tu. Mambo ya dawa tuachie wenyewe."

Maneno hayo yalimwingia Bi Tatu mpaka kwenye mfupa. Wagonjwa aliowatibu walijaa kuanzia Ziba hadi Sikonge, na leo kitoto cha kengele kinamwambia amwachie mambo ya dawa. Alipofika nyumbani alimsimulia Maua, na Maua, aliyekuwa akichambua mboga, alicheka kidogo akasema, "Mama, mwache. Ni mtoto wa watu, anafanya kazi yake."

"Mtoto wa watu hana adabu."

"Na wewe ulimsalimia?"

Bi Tatu alifungua pindo la khanga. Alileta mbegu zilizobaki, kwa sababu Maua alikuwa ameshika mimba ya tatu, na tumbo halisubiri adabu ya mtu.

Na mimea ikaota. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Mchaichai ulistawi, kivumbasi kikanukia hadi barabarani, na mti wa chango, ule mgumu wa Ipole unaochagua pa kuota, ulipanda mpaka magotini, majani yake yakimeta. Damas alitembeza wageni akisema "tuliamua" na "tukatekeleza". Eustadia alipita katikati ya mistari, kidevu juu. Bi Tatu alikubali moyoni kuwa mimea ni mizuri, kisha akajiambia kwamba hata saa iliyosimama husema kweli mara mbili kwa siku, ingawa hakuwa na saa.

Kabla ya watu kuruhusiwa kutumia chochote, Eustadia alisema lazima mimea ipimwe Dar es Salaam. Akaja asubuhi na bahasha za karatasi. Bi Tatu alikuwa shambani akipalilia mstari wake. Alimwona yule binti akiinama kwenye mti wa chango, akichuma majani machanga ya juu, moja moja, kwa vidole viwili, kama mtu anayechuma mboga ya wageni.

Sasa, majani ya mti wa chango hayana kazi. Mbuzi hula. Dawa ni mzizi, tena mzizi wenyewe huchimbwa asubuhi kabla mchimbaji hajala, hukung'utwa tu, hauoshwi kamwe, maana maji ya kuoshea huondoka na nguvu. Huchemshwa hivyo hivyo na udongo wake. Bi Tatu aliyajua hayo kabla mama yake Eustadia hajavunja ungo.

Eustadia aliinua kichwa. Labda aliona kitu usoni mwa Bi Tatu, labda aliukumbuka mstari fulani wa kitabu chake.

"Bibi, dawa yenyewe ni majani, siyo?"

Swali lilikuwa fupi, na limeulizwa vizuri tu. Bi Tatu angeweza kulijibu kwa neno moja. Lakini alikumbuka kisogo kile, akakumbuka "tuachie wenyewe", na raha ikampanda kutoka tumboni, raha tamu ya kumwona msomi amebeba mchicha wa mbuzi anapeleka Dar es Salaam kwa gari moshi.

"Wewe si ndiye uliyesoma?" akasema.

Eustadia alibetua mdomo, akafunga bahasha yake, akaenda. Bi Tatu alicheka peke yake mpaka mwisho wa mstari.

Majibu yalipokuja, Eustadia aliyatangaza mwenyewe mbele ya ofisi ya kijiji. Majani yote ni safi, alisema, kiasi cha risasi kilichoonekana ni kidogo mno, watu watumie. Vigelegele vikapigwa. Damas alihutubia mpaka kuku wakaingia mabandani. Bi Tatu hakungoja mwisho. Alichosikia ni kwamba dawa ni safi, na kusikia kuwa dawa yake ni safi halikuwa jambo la kumshangaza. Kesho yake, kabla hajatia kitu kinywani, alichimba mzizi wa kwanza, akaukung'uta kwenye kiganja, akauweka chunguni.

Maua alikunywa kila asubuhi. Ilikuwa chungu, akafumba macho, akanywa, kwa kuwa mama yake ndiye aliyeichemsha. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Baadaye alianza kulalamika kwamba mdomo una ladha ya ajabu, kama amenyonya senti. Halafu tumbo likaanza kumkata, halafu choo kikafunga, halafu uso ukapauka, na mama yake Shaban, mwanamke wa shamba mwenye maneno machache, akauliza kwa upole kama dawa haijazidi.

"Dawa inapigana na chango," Bi Tatu alimwambia. "Ulitegemea wapigane kimya kimya?"

Akaongeza mzizi.

Siku walipokuja wageni wa mkoa, Maua aliamka ameona damu. Kidogo tu, tone juu ya khanga, lakini wote wawili, mama na binti, walikwisha kuliona tone la namna hiyo zamani, na walijua linatangulia nini. Maua alilala chali, mikono juu ya tumbo, hataki hata kusogea. Bi Tatu alimnywesha kikombe chake cha asubuhi, akabandika chungu kingine kizito zaidi, akaenda shambani kuchimba mizizi ya nyongeza. Akakuta njia imejaa watu. Land Rover ya mkoa ilikuwa imeegeshwa kando ya kibao, Damas amevaa suti yake ya safari, na Eustadia anawaeleza wageni. Ilibidi asimame nyuma yao angoje wapishe.

"Risasi hatukuiondoa," Eustadia alikuwa akisema. "Hakuna wa kuiondoa, labda tulihamishe bonde zima. Tumeifunga. Mfupa uliochomwa unaikamata, samadi na makaa vinaishikilia, isiyeyuke ikapanda juu. Kwa hiyo majani ni salama."

"Sasa hiyo risasi iko wapi?" aliuliza mgeni mmoja, mzee mwenye kofia.

"Ipo hapo hapo chini, kwenye udongo. Na ile kidogo inayoponyoka ikaingia kwenye mmea, huishia mizizini. Mkipima mzizi wa hapa, pamoja na udongo ulioushikilia, mtaogopa. Lakini nani anakunywa mizizi na udongo wake?"

Wageni wakacheka. Damas akacheka zaidi yao.

Bi Tatu hakuelewa mara moja, na hakutaka kuelewa. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kile kile cha siku zote: binti mwongo, anajitapa mbele ya wakubwa. Lakini nyuma ya hilo ikaja senti. Kama nimenyonya senti, mama. Uso uliopauka, choo kilichofunga, chungu kikitokota nyumbani na udongo wake wote, kwa sababu hauoshwi. Akashika kibao cha Damas.

Wazo la pili lilikuwa kurudi nyumbani taratibu, amwage chungu nyuma ya jiko, anyamaze. Hakuna ambaye angejua. Watu wangesema ni chango, kama mara mbili zilizotangulia, na wangekuja kumpa pole. Alilifikiria wazo hilo kwa kweli, tusimpake mafuta. Alikuwa tayari ameshageuka. Kisha akalikumbuka lile tone, akaiona Land Rover, gari pekee lililokuwapo kutoka hapo mpaka Puge, na akajua kwamba akinyamaza litaondoka bila Maua.

Akapenya katikati ya watu mpaka mbele.

"Bibi, wageni," Damas alimnong'oneza, akimshika mkono.

Aliutoa mkono wake. "Mti huu hatunywi majani," alisema. Sauti haikumtoka vizuri, akarudia. "Mti wa chango hatunywi majani. Tunakunywa mizizi. Inachimbwa, inachemshwa na udongo wake. Mwanangu anaunywa tangu siku mlipotangaza kuwa ni safi. Ana mimba, na leo ameona damu."

Eustadia alivua miwani akairudisha.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza hapa hapa, Bibi. Nikasema, dawa ni majani, siyo?"

"Nilijua unakosea," Bi Tatu alisema, na sasa kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza, watu wa udongo, watu wa wino, watu wa kengele. "Nilijua, nikakuacha, kwa sababu nilitaka nikucheke. Naomba gari."

Damas alianza kusema kitu kuhusu utaratibu. Mzee mwenye kofia hakumsikiliza. Alimwita dereva.

Walimlaza Maua kwenye kiti cha nyuma, Shaban akimshika kichwa, Bi Tatu na Eustadia wamebanana upande wa pili, magoti yao yakigongana katika kila shimo. Njia ilikuwa mbaya. Babu yake Bi Tatu aliipita njia hiyo kwa miguu na mzigo begani, na siku zote alijivunia jambo hilo. Siku hiyo hakumkumbuka hata kidogo. Alimwangalia binti yake tu. Maua alikuwa ameelezwa habari ya mizizi alipokuwa akibebwa, kwa maneno machache, na tangu hapo aliangalia paa la gari tu.

Hospitalini Tabora walimpokea haraka. Daktari alitaka kujua amekunywa nini, kiasi gani, tangu lini. Eustadia alimweleza habari za risasi, kisha akakwama, kwa kuwa hakujua jina la mti. Alimgeukia Bi Tatu. Na Bi Tatu, ambaye hakumtajia jina hilo hata mumewe mpaka akamzika, alilitamka wazi katikati ya korido, mbele ya wauguzi na mfagiaji, akalirudia polepole ili daktari aliandike.

Wakakaa kwenye benchi. Shaban alizunguka uani. Saa zilipita bila mmoja wao kumtazama mwenzake.

"Mimi niliiona," Eustadia alisema ghafla.

"Uliona nini?"

"Mizizi. Mlangoni pa jiko lako, umeirundika. Nilipita pale kwenda kisimani. Nikasema moyoni, ni uchawi wake wa kizee. Nikapita." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Ningeuliza mara moja tu. Nilijua mtu hawezi kuchimba mizizi yote ile kwa mapambo. Nilikudharau hata nikashindwa kuuliza."

Bi Tatu alitafuta neno la kumchoma, kwa mazoea, akalipata, na halikumtoka. Alisogea kidogo kwenye benchi. Sijui kama alikuwa anampa nafasi au anajitenga naye.

Jioni daktari alitoka akasema mimba ipo. Mapigo ya mtoto yanasikika. Damu imesimama, lakini mama ana sumu mwilini, atalazwa hapo mpaka ajifungue, na mtoto atatoka vipi, hilo hawezi kuwaahidi. Apewe maziwa, apewe uji mzuri. Asipewe kitu kingine chochote. Alisema hilo la mwisho akimtazama Bi Tatu, na Bi Tatu alilipokea bila kukunja uso.

Alikwenda Gongoni kwa miguu. Nyumba ya babu yake ilikuwa na wapangaji. Akaomba jiko kwa majirani. Aliosha sufuria mpaka jirani akacheka. Aliosha ulezi, akaosha kikombe, akaosha mwiko, akapika uji wa maziwa, akaufunika kwa kitambaa cheupe, akarudi nao wodini akiushika kwa mikono miwili. Eustadia alikuwa bado yupo, amesimama upande wa miguuni mwa kitanda. Maua ameegemea mto, macho yamezama, kiganja kimoja juu ya tumbo.

"Mwanangu," alisema Bi Tatu, "nimekuletea uji."

Maua alikitazama kikombe, akamtazama mama yake.

Kwetu, anayekukaribisha pombe au chakula huanza kuonja yeye, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Ni desturi ya watu wasiojuana, na hata jirani akikwambia uonje kwanza, umevunjiwa heshima. Mama haonji cha mwanawe. Haijapata kusikika.

"Onja kwanza, mama," Maua alisema. Hakusema kwa hasira. Sauti yake ilikuwa ya upole kama siku zote, na kiganja hakikutoka tumboni. "Ningekuwa peke yangu ningekunywa tu."

Eustadia aligeuka akaangalia dirishani. Bi Tatu alisimama pale na kikombe chake. Halafu akakiinua, akanywa funda moja, akalimeza mbele ya binti yake, akasubiri, akampa.